Shajara ya mradi: tamthilia ya vipindi sita, Moshi, kwa mtaji wa laki nane

Shajara hii ni kwa mwanafunzi wa biashara anayetaka kufanya kazi kwenye filamu, muziki au utangazaji na hajui aanzie wapi. Nasoma shahada ya usimamizi wa biashara hapa Moshi. Siigizi, siimbi, na kamera naishika pale tu mikono mingine inapokuwa imejaa. Ninachokiweza ni kupiga hesabu, kuandika makubaliano na kufuatilia deni bila kugombana na mtu. Mradi ni tamthilia ya vipindi sita vya dakika nane hivi kila kimoja: ndugu watatu wanarudi nyumbani Desemba na kukuta kihamba (shamba la urithi la familia) cha marehemu baba yao kimeanza kuuzwa kipande kwa kipande. Bei zote humu ni zile tulizolipa wenyewe. Kila hatua ikiisha naongeza.

12 Septemba 2024: Fildi imeisha

Wiki nane za mafunzo kwa vitendo nimezifanyia Arusha, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza matangazo na filamu fupi. Nililala kwa shangazi yangu, mtaa wa Sakina. Wenzangu wengi walienda benki, TRA na kwenye SACCOS, na wakati wa kuomba nafasi niliulizwa mara tatu kama sijakosea fomu.

Waliniweka uhasibu. Siku za kwanza niliumia, kwa sababu nilitaka kuwa seti. Wiki ya tatu nikapewa mafaili ya ankara niyapange, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi yenyewe. Kulikuwa na ankara za miezi mitano nyuma ambazo hazijalipwa. Kulikuwa na siku za kushuti zilizozidi bajeti kwa sababu hakuna aliyeandika chakula cha dereva. Mji uliotoa makundi ya hip hop ya X Plastaz, Nako 2 Nako na Weusi haujapungukiwa na watu wenye vipaji. Pale ofisini vijana wa kamera walikuwa wanapishana mlangoni, ila mtu wa kukaa na karatasi na kusema “kesho tukipiga sini hizi nne tutatumia kiasi hiki, na fedha inatoka hapa” alikuwa mmoja, naye alikuwa amechoka.

Nilichoondoka nacho ni mfano wa karatasi ya siku: nani anafika saa ngapi, wapi, sini (vipande vya hadithi) zipi, vifaa gani, chakula cha watu wangapi, na gharama ya kila mstari. Ukitaka kuiga kitu kimoja kwenye shajara hii, iga hicho.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba kwamba nimeipenda kazi hii na ndiyo nataka kuifanya. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akaniuliza swali moja: “Sawa. Hiyo kazi inalipa tarehe ngapi?” Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa kwa sababu limeniganda.

26 Oktoba 2024: Kipande cha majaribio

Mtaji ni 800,000. Mimi nimetoa 480,000, akiba ya bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo) la mihula miwili na vibarua vya kuchapa kazi za watu. Mwenzangu, ambaye ndiye mwongozaji, mpiga kamera na mhariri, ametoa 320,000. Tumeandikiana 60 kwa 40.

Tulipiga sini moja ya dakika mbili kwa simu, mgombani kwa baba mdogo Kibosho. Picha zilitoka vizuri kuliko tulivyotarajia. Sauti haikufaa hata sekunde moja. Ukiwa umesimama pale huoni kama kuna upepo wa kukusumbua, lakini majani makavu ya mgomba yanagusana muda wote, na kwenye kurekodi yanasikika kama mtu anakunja karatasi karibu na sikio lako. Tulinunua maiki mbili za kubana kwenye nguo kwa 35,000, tukarudia, hali ikawa nafuu lakini si ya kutoa hadharani. Tukaamua mazungumzo yote marefu yahamie ndani ya nyumba. Kumbukeni uamuzi huu.

Gharama: maiki 35,000, chakula 18,000, nauli 12,000. Jumla 65,000. Salio 735,000.

23 Novemba 2024: Makaratasi

Hatua hii nilitegemea iwe ya siku mbili. Imechukua karibu mwezi.

La kwanza ni kibali. Filamu na michezo ya kuigiza nchini inasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na njia rahisi kwa sisi wa mikoani ni kuanzia kwa afisa utamaduni. Peleka muhtasari wa hadithi, skripti na orodha ya maeneo, na upeleke mapema. Jina la biashara nimesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa 20,000. TIN, yaani namba ya mlipakodi, haina malipo. Mwenzangu alitaka droni kwa ajili ya picha za Kibo, nikaifuta kwenye bajeti: ruhusa yake ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa tamthilia ya sebuleni haikuwa na sababu. Kibo tumeipata kwa stendi ya kamera saa 12 na nusu asubuhi, kabla wingu halijapanda.

La pili ni mikataba ya waigizaji, na hapa nilikosea. Hatukuwa na uwezo wa kulipa mtu kwa viwango vya sokoni, hivyo niliandika kwamba waigizaji wakuu wanne watapata posho ya 10,000 kwa siku pamoja na asilimia 20 ya faida wagawane. Niliona nimewatendea haki kabisa.

Anayeigiza mama wa familia ni mama anayeuza ndizi Kiboriloni. Anaigiza parokiani kwao tangu ujana, na akikaa kimya mbele ya kamera unasikia anachofikiria. Alisoma karatasi yangu taratibu, miwani ikiwa puani, akafika kwenye mstari wa faida akauwekea kidole.

“Mwanangu, hii faida ataihesabu nani?”

Nikamwambia nitaihesabu mimi, nikitoa gharama kwanza.

“Mimi ni mfanyabiashara. Nikitaka faida isionekane, naificha kwenye nauli. Sisemi wewe utafanya hivyo. Nasema karatasi yako inakuruhusu.”

Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyesoma uhasibu wa gharama. Faida ni namba inayobaki baada ya mtu kuamua kipi ni gharama na kipi si gharama, na anayeamua ni yule mwenye daftari. Nikaandika upya: asilimia 20 ya mapato ya udhamini, yaani kila shilingi ya mdhamini inayoingia kwenye akaunti, kabla ya kutoa chochote. Kwangu ni ghali zaidi. Ila mwigizaji anaweza kuikagua kwa kuangalia taarifa ya akaunti tu, bila kuniamini wala kutoniamini.

Mkataba wote ni ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Mambo ninayoshauri yasikose: kazi ni ipi na siku ngapi, posho inalipwa lini (sisi ni jioni ya siku hiyohiyo), mgawo unatokana na nini, nani anamiliki picha na sauti, na nini kinatokea siku ikiahirishwa. Uchapishaji na nakala 9,500.

Salio 705,500.

29 Desemba 2024: Hatukushuti

Mpango ulikuwa tupige vipindi viwili vya kwanza kati ya tarehe 20 na 22. Hadithi ni ya Desemba, watu wamerudi, vihamba vimechangamka, nyumba ya baba mdogo ina wageni ambao wangeonekana nyuma ya waigizaji bila malipo. Kwenye karatasi ilikaa vizuri.

Nilichosahau ni kwamba Desemba hiyohiyo ndiyo ya harusi, kipaimara na ubatizo Kilimanjaro nzima. Kamera tunayokodi kwa 60,000 kwa siku ilipanda hadi 120,000. Nikalipa kianzio cha 60,000 tukapatana. Jioni ya tarehe 19 mwenye kamera akapiga simu: amepata harusi ya siku mbili, anarudisha kianzio. Alirudisha kweli, siwezi kumlaumu kwa kuchagua kazi kubwa. Lakini nyama, mchele na gari la kupandisha vifaa nilikuwa nimeshavilipia. Hasara 46,000.

Wanafunzi wa masoko tunafundishwa msimu wa mauzo. Sikuwahi kufikiria kwamba hata kukodi kamera kuna msimu wake. Tangu hapo nauliza kila mwenye kifaa swali moja: miezi gani huna nafasi? Na kianzio chetu sasa kina maandishi: anayejitoa ndani ya saa 48 analipa gharama zilizokwisha kutumika.

Salio 659,500.

26 Januari 2025: Kipindi cha 1 na cha 2

Siku tatu, tarehe 17 hadi 19. Kwa siku moja: kamera 60,000, kirekodi sauti na maiki ya fimbo 25,000, chakula 28,000, usafiri 20,000, posho za waigizaji wanne 40,000. Jumla 173,000 kwa siku, 519,000 kwa siku tatu. Wageni wa Desemba walikuwa wameondoka, tukapunguza sini za umati ziwe za ndugu wachache mezani.

Tatizo lilikuwa moja. Sini ya kaka mkubwa akishuka kwenye basi tuliipiga stendi, na mgambo wakatusimamisha. Kibali tulikuwa nacho, ila kilikuwa kwenye simu yangu na simu imezima. Tulikaa saa mbili na robo tukisubiri mtu alete nakala. Mwanga wa asubuhi ukapita, sini ikapigwa kwenye jua la saa sita lenye vivuli vikali usoni. Sasa natembea na nakala tatu za kibali na barua ya serikali ya mtaa ndani ya mfuko wa plastiki.

Salio 140,500.

22 Februari 2025: Muziki ambao haukuwa wetu

Hapa nitakaa kidogo, maana najua wengi watapita njia hii.

Muziki wa mwanzo wa tamthilia tuliununua mtandaoni kwa 52,000. Biti nzuri, yenye gitaa na ngoma nyepesi, na tulipewa cheti cha leseni. Tarehe 8 tukatoa kipindi cha 1 YouTube. Kesho yake asubuhi nikakuta taarifa: dai la hakimiliki. Content ID, mtambo wa YouTube unaolinganisha video mpya na kazi ambazo wamiliki wamezihifadhi humo, ulikuwa umesema sekunde 26 za video yetu ni za wimbo wa mtu mwingine.

Leseni yetu ilikuwa ya kukodi, siyo ya kipekee. Biti hiyohiyo imeuzwa kwa watu wengine wengi. Mmoja wao ameiimbia, msambazaji wake ameuingiza wimbo wote kwenye Content ID, biti ikiwa ndani yake. Mtambo haujui nani alinunua nini, unachosikia ni kwamba sauti zinafanana. Hivyo tangazo linaweza kuwekwa kwenye video yetu na mapato yakaenda kwake.

Tuliweka pingamizi siku ya pili tukiambatanisha leseni. Ukipinga ndani ya siku 5, mapato yanazuiwa tangu siku ya dai hadi mgogoro uishe, na mdai ana siku 30 za kujibu. Nimeona mijadala mingi ya vijana waliokata tamaa wakafuta video. Usifute kama una karatasi.

Lakini hata tukishinda, mnunuzi mwingine wa biti ileile anaweza kuja mwezi ujao na dai lake. Na faili la video iliyokwisha kupandishwa YouTube halibadilishwi ukabaki na kiungo kilekile. Utaweza kukata kipande, kukinyamazisha au kukiwekea muziki wa maktaba yao, basi. Kwa hiyo kipindi cha 1 kimebaki na biti ile, na kuanzia cha 2 tuna muziki wetu.

Ameutunga mwanafunzi wa mwaka wa pili anayepiga gitaa kwaya ya chuo. Alirekodi chumbani hosteli, blanketi mbili zimening'inizwa kwenye kamba ya nguo, wa chumba cha jirani ameombwa azime feni. Ni sekunde 22. Nyuzi mbili za mwisho anaziachia zitetemeke hadi zife zenyewe, na kila nikizisikia naiona ile njia ya kupanda Kibosho jioni. Tumemlipa 70,000. Karatasi yake inasema sisi tunautumia kwenye tamthilia hii na matangazo yake popote, bila kikomo cha muda. Yeye anabaki na haki ya kuupiga na kuuendeleza kuwa wimbo, na jina lake linatajwa kila kipindi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 kazi inalindwa kwa kutungwa kwake, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ukiulizwa. Nimemshauri asajili.

Jambo la pili la mwezi huu ni hesabu niliyopaswa kuifanya mwaka jana. Ili YouTube ianze kugawana nawe mapato ya matangazo kwa njia ya kawaida, unahitaji wanaofuatilia 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kipindi cha 1 watu wanakitazama kwa wastani wa dakika 3.2. Maana yake tunahitaji kutazamwa mara 75,000, na wiki mbili zimetupa 3,900. Baada ya hapo malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100. Kwa hiyo matangazo ya YouTube nimeyatoa kabisa kwenye mpango wa mapato wa mwaka huu. Yakija, yatakuwa nyongeza.

Salio 18,500.

8 Machi 2025: Wadhamini wawili

Nilienda kwa wafanyabiashara kumi na mmoja Moshi na wanne Arusha, nikiwa na simu yenye kipindi cha 1 na karatasi moja. Mwanzoni nilikuwa naanza na idadi ya watazamaji, na macho yao yalikuwa yanahamia mlangoni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Majengo ndiye aliyenirekebisha: “Dada, hao elfu nne wako Moshi au wako Marekani?” Tangu hapo nikaanza na ramani ya watazamaji, nikaonyesha walio Kilimanjaro na Arusha, halafu nikapendekeza mteja akifika kaunta ataje neno linalosemwa na kaka mdogo kwenye kipindi, apate punguzo. Mwenye duka anahesabu mwenyewe nani ametumwa na sisi.

Huyu wa Majengo ametoa 300,000 taslimu kwa vipindi viwili. Kampuni moja inayouza vyombo vya jikoni, yenye maduka Arusha na Moshi, imekubali 1,200,000 kwa vipindi vinne: sufuria na thamosi zao zinatumika jikoni kwa mama. Malipo siku 30 baada ya ankara. Ankara nimepeleka tarehe 1 Machi.

Nilitoka pale nikitembea kama napaa. Salio 318,500.

19 Aprili 2025: Mvua juu ya bati

Kipindi cha 3 kina sini kubwa kuliko zote: mama anamwambia binti yake kwamba ni yeye, mama, aliyeuza kipande cha kwanza, ili kulipia hospitali. Dakika nne, watu wawili, jikoni. Tuliipiga tarehe 5 Aprili, siku moja ndefu, 173,000.

Masika yalikuwa yameanza. Tulijua. Tulihesabu kwamba tuko ndani. Nyumba ya baba mdogo ina bati bila dari. Mvua ilianza taratibu mama akiwa katikati ya maneno, tone moja moja, tukaangaliana na mwenzangu, hakuna aliyetaka kumkatiza kwa sababu alikuwa anaigiza kama sijawahi kumwona. Machozi yalikuja yenyewe. Alipofika kwenye “nisamehe” mvua ikamwagika yote. Kwenye kirekodi mstari wa sauti ulijaa juu hadi chini, na sauti ya mama ikawa humo ndani kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Tulijaribu kuokoa. Tulikodi studio kwa saa tatu, 45,000, ili warudie maneno wakiangalia picha. Midomo haikukubaliana na maneno, na hata ilipokubaliana sauti ilikuwa safi mno, ya chumba kilichozibwa, wakati macho yanaona jiko lenye moshi. Zaidi ya yote, mama alikuwa anasoma. Ile iliyomtoka jikoni haikurudi.

Mwenzangu alitaka tuongeze siku nyingine studio kwa sababu “tumeshatumia laki mbili na kumi na nane kwenye sini hii”. Hapo ndipo somo la darasani liliponisaidia waziwazi kwa mara ya kwanza. Hiyo 218,000 imezama, haiwezi kurudi kwa uamuzi wowote tutakaoufanya leo. Swali ni kuanzia leo: kipi kinatupa sini nzuri kwa fedha kidogo? Kurudia kupiga.

Shida ni kwamba salio ni 100,500, na ile 1,200,000 haijaingia.

10 Mei 2025: Kipindi cha 3 kimetoka

Nilikopa 150,000 kwa dada yangu, kwa maandishi, nirudishe ndani ya siku 40. Tukapiga upya nusu siku kwenye nyumba ya ghorofa ya wazazi wa mwenzetu wa darasani, Soweto, jiko la chini. Juu kuna zege, mvua hata ikinyesha haisikiki. Ukuta wake ni wa njano, wa Kibosho ni wa udongo, kwa hiyo tuliufunika kwa zile kanga mbili zilizoonekana kwenye vipindi vya mwanzo na kamera ikakaa karibu na nyuso. Mama alifika akasema, “Leo msinifundishe maneno. Niacheni.” Akabadilisha sentensi ya mwisho, na ndiyo iliyobaki. Gharama 131,000.

Ukitaka kupiga kati ya Machi na Mei, kagua dari kabla ya kukagua rangi ya ukuta. Tulikimbia majani ya mgomba tukaingia chini ya bati.

Salio 119,500.

17 Mei 2025: Fedha imeingia

Siku 74 tangu ankara. Nilipiga simu mara tisa, nikaenda mara tatu. Hakuna aliyekataa kulipa. Kila mara karatasi ilikuwa mahali fulani: kwa meneja, kwa mkaguzi, inasubiri saini. Wakati fulani waliomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nikaeleza ukubwa wa biashara yetu, wakakubali ankara yenye TIN. Tarehe 14 iliingia 1,140,000. Ile 60,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Sikuwa nimeiweka kwenye hesabu kabisa. Omba cheti chake ukitunze, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa na inahesabika mwisho wa mwaka.

Kosa lililotuweka kwenye deni ni langu. Sikupaswa kusaini siku 30 kwa kiasi chote wakati gharama zangu zinalipwa jioni ya siku hiyohiyo. Kwenye vitabu tulikuwa tunadai milioni na laki mbili, na mfukoni hatukuwa na fedha ya mchele. Mkataba wangu mpya wa udhamini unasema nusu kabla ya siku ya kwanza ya kushuti, nusu kipindi kikitoka. Kama mdhamini hawezi nusu, naomba theluthi, ila bila kianzio hatuwashi kamera.

Deni la dada nimelipa siku hiyohiyo. Salio 1,109,500.

28 Juni 2025: Kipindi cha 4, 5 na 6

Siku nne, 692,000, hakuna tukio la kusimulia. Nimenunua hadi diski ya pili kwa 110,000 ili picha zote ziwe nyumba mbili tofauti. Dai la biti liliachiwa baada ya siku 19. Wanaofuatilia ni 1,340, saa za kutazamwa 2,150. Duka la Majengo limehesabu wateja 31 waliotaja neno.

Salio 307,500.

19 Julai 2025: Mgawo

Mapato ya udhamini yaliyoingia ni 1,440,000. Asilimia 20 ni 288,000, kwa watu wanne ni 72,000 kila mmoja. Niliwatumia kwa simu pamoja na picha ya taarifa ya akaunti. Mama wa Kiboriloni alipiga baada ya dakika tano.

“Mwanangu, umekosea namba?”

“Hapana mama, shikamoo. Ni ile asilimia.”

“Marahaba.” Akanyamaza kidogo. “Ile ya kidole changu?”

“Hiyohiyo.”

Baada ya hapo kwenye akaunti kumebaki 19,500. Mtaji wetu wa laki nane haujarudi, na naandika hivyo wazi ili anayeiga ajue. Tulicho nacho ni vipindi sita visivyo na deni wala mgogoro. Kituo kimoja cha televisheni kiliviomba vyote bure na kwa haki zote milele. Nimejibu kwa bei, kwa miaka miwili, bila upekee, na nasubiri.

Kingine kimekuja kwa njia ambayo sikuitegemea. Ofisi ya Arusha nilikofanya fildi iliomba kuona karatasi zangu za siku, zote, pamoja na zile za hasara. Wiki iliyopita wamenipa kazi ya kusimamia bajeti ya filamu fupi ya siku tano, 40,000 kwa siku.

Nilimpigia baba kumweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza lile swali lake.

Nikamjibu: nusu imeingia jana, nusu siku ya mwisho ya kushuti, tarehe 8 Agosti.